Mtani Aliyenifungulia Njia ya Wapagazi

Nilitoboa miamba kwenye mgodi wa almasi mpaka masikio yakawa mazito, kisha nikarudi nyumbani Cheyo, hapa Unyanyembe, na kiinua mgongo, baiskeli na kofia ngumu ya kampuni. Kofia hiyo niliipenda, sifichi. Niliivaa hata sokoni.

Wastaafu wenzangu walitaka mashamba. Mimi nilitaka njia, ile ya miguu ambayo babu zetu walibebea pembe za ndovu hadi pwani. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinaanzishwa, watu wanahamia kando ya barabara, na kambi za wapagazi zinageuka mahame. Nani angekumbuka majina ya kambi hizo? Alibaki mzee mmoja, mtoto wa mpagazi, aliyefundishwa vituo vyote na baba yake. Kila nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, akaitazama kofia, akafunga mdomo.

"Huyu katumwa na kampuni," aliwaambia majirani. "Nikimwonyesha mahali, kesho watachimba makaburi yetu."

Iliniuma sana.

Kisha akafiwa na kaka yake. Nilikwenda mazishini na jirani yangu, mama wa Kizaramo anayekaanga vitumbua. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani hazuiliwi. Alikwenda moja kwa moja akakalia udongo wa kaburi, akagoma kushuka.

"Hazikwi mtu hapa! Huyu atapotea njia ya ahera, kama babu zake walivyopotea ya pwani. Bila kufungwa kamba mguuni kama kuku mgeni, wasingefika kwetu!"

Watu walicheka huku wanalia. Mzee akasimama, fimbo juu.

"Sisi tupotee? We mla papa! Kutoka Unyanyembe unalala Kigwa, kisha Rubuga. Tura unajaza vibuyu, maana mbele ni Mgunda Mkali, pori lisilo na maji!"

Akaendelea, kisima baada ya kisima, Ugogo yote, mpaka kwa maneno tu akamfikisha mama wa vitumbua mlangoni kwa shangazi zake kule pwani. Mimi nilikuwa nakariri kila jina kimyakimya.

Alipomaliza akaniona midomo inavyocheza. "Wewe, umeyashika?"

Nikayasema yote, ila kwa kuanzia pwani kuja nyumbani. Hakunisahihisha hata jina moja.

"Umewarudisha wazee wetu nyumbani," alisema. "Haya, tumzike ndugu yangu. Kesho uje nikuonyeshe kambi zenyewe. Lakini hiyo kofia usije nayo."

Niliivua, nikamvalisha mtani wangu, mama wa vitumbua, papo hapo.