Gauni la Tisa

"Na usiniletee habari ya siku saba! Siku saba za kumsubiri nani? Laini iko hapa. Simu hii hapa. Mwenye namba yuko pale dukani anakata kitambaa, mzima kama mimi na wewe. Sasa hiyo programu ya meseji inataka nini tena, cheti cha kuzaliwa?"

Fundi simu hakuinua macho. Alikuwa ameinamia simu ya mteja mwingine, bisibisi mkononi. Tangu afungue kibanda asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa ameshayasikia maneno hayo mara nne, na kila mara sauti ilikuwa inapanda.

"Sindano," alisema, "ukinifokea mimi, mwizi hasikii."

Sindano ndilo jina walilomwita, na halikutoka kwenye ushonaji. Alilipata shuleni, kabla hajagusa cherehani, kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akiwachoma watu kwa maneno. Shule ilimchoka kabla yeye hajaichoka. Sasa ana miaka ishirini na minne, anashona na shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, kwenye duka lililo mlango wa tatu kutoka kibanda cha fundi simu. Shangazi anakata na kupima. Sindano anashona, anashika simu ya kazi na kugombana na wateja wanaochelewa kuja kujaribu nguo.

Na simu ya kazi ndiyo iliyokuwa imekufa. Haikufa kabisa, maana ilikuwa inawaka. Ila asubuhi, alipofungua programu ya meseji, alikuta maandishi kwamba namba ile sasa inatumika kwenye simu nyingine. Hajakaa sawa, mteja wa kwanza akaingia, uso umejaa huruma: "Pole jamani, shangazi amelazwa wapi?" Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake na mkasi. Wa pili akaja na pole hiyohiyo. Wa tatu akapiga simu. Kumbe tangu usiku "shangazi" alikuwa anawaandikia wateja wote kwamba amelazwa, anaomba wamsaidie chochote kwa namba fulani mpya.

Lakini si hilo lililomfanya Sindano afoke. Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na harusi. Wasichana wanane wa bibi harusi, sare za rangi moja, na vipimo vyao vyote vilikuwa ndani ya meseji zile. Kila msichana alikuwa ametuma vyake. Hakuna kilichokuwa kimeandikwa popote pengine, na kitambaa cha sare zote nane bado kilikuwa kwenye jora.

"Nieleze tena," alimwambia fundi. "Polepole. Kama unamweleza mtu mjinga."

"Sitaki kukuita mjinga, utanirushia kiti."

"Nieleze!"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Nimeomba namba ya kuthibitisha, imekuja kwenye laini yenu, nimeiingiza. Mwizi katolewa nje, sasa hivi hawezi kumwandikia mtu. Hapo tumeshinda. Lakini kabla hajatoka aliweka namba ya siri ya pili, ile ambayo ninyi hamkuwahi kuiweka. Sasa programu inaniuliza namba aliyoiweka yeye. Siijui. Usipoijua, unasubiri siku saba ndipo ikufungulie."

"Yaani mwizi katuwekea kufuli kwenye mlango wetu wenyewe?"

"Mlango haukuwa na kufuli. Kaja na lake."

"Na mbona hatukuwa nalo?"

Fundi akakohoa. "Muulize shangazi yako. Nilimwambia mwanzo wa mwaka, nikataka kumwekea palepale, dakika moja tu."

Sindano hakungoja amalize.

Dukani, Shangazi alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia, pini tatu mdomoni. Sindano alianza kusema tangu mlangoni. Kwamba watu wanaambiwa hawasikii. Kwamba dakika moja tu, Shangazi, dakika moja! Kwamba sasa watawavalisha nini wale wasichana, mapazia?

Shangazi akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi pumzika nami niseme. Ndiyo, alinishauri. Nikamwambia nina namba za siri nyingi kuliko meno, hiyo nyingine nitaikumbuka vipi. Hilo kosa langu, nimelimeza. Lakini mimi nilikuwa na daftari, mwanangu. Miaka yote vipimo viliandikwa kwenye daftari. Nani aliniambia daftari ni mambo ya kizamani, kila kitu kiko kwenye simu?"

Sindano akavuta kiti cha cherehani kwa kishindo.

Fundi simu alikuwa amemfuata hadi mlangoni, akifuta mikono na kitambaa. "Samahanini," alisema. "Kuna kitu hakijakaa sawa. Mwizi hawezi kuihamisha namba bila ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwenye simu hii. Lazima mtu alimsomea. Jana nani alisoma namba yoyote iliyokuja kwa ujumbe?"

"Mimi jumbe hata sizioni, herufi zenyewe kama mchanga," alisema Shangazi. "Huyu ndiye anayezisoma."

"Namba ya nini?" Sindano akafoka. "Namba mimi nazisoma kutwa! Hapa dukani tunafanya nini kingine zaidi ya kusoma namba?"

 Hapo macho yake yakatua kwenye kona, kwenye gauni lililokuwa limevalishwa sanamu ya kujaribia nguo. Lilikuwa limeshakatwa, limeshonwa mabega na ubavu mmoja. Alilianza jana jioni ili amalize kazi mapema, apate sifa.

Duka lile lina sheria moja ambayo Shangazi alimfundisha siku ya kwanza. Kipimo kinasomwa mara mbili. Mwenye tepu anasema, mwenye kalamu anarudia kwa sauti, na kama vimetumwa kwa simu unampigia mteja, unamsomea. Miaka mitano hawajawahi kuharibu kitambaa cha mtu kwa sababu ya kusikia vibaya. Kwa hiyo jana, saa kumi, simu ilipopigwa na mama mwenye sauti ya upole, Sindano hakuona kitu kipya.

"Mwanangu, mimi mama mdogo wa bwana harusi," alisema yule mama. "Nimeona matangazo yenu ya zile sare nane. Tumeongeza msichana wa tisa. Vipimo vyake nimevituma kwa ujumbe wa kawaida, lakini nahisi nimekosea. Hebu nisomee nilichoandika."

Ujumbe ulikuwa umeingia kweli, dakika ileile. Tarakimu sita. Sindano alizitazama kwa jicho la mshonaji, na kwa jicho hilo zikajigawa zenyewe mbili mbili.

"Themanini na nne, sitini na saba, tisini na tatu," alisoma. "Kifua, kiuno, nyonga. Sawa hivyo, mama?"

"Sawa kabisa, mwanangu."

"Huyo dada ana umbo zuri! Hatatusumbua."

"Mungu akubariki," yule mama akajibu, akakata.

Chini ya tarakimu zile kulikuwa na mstari mzima: usimpe mtu yeyote namba hii. Sindano alikuwa nao mbele ya uso. Hakuusoma. Nani anasoma maneno, wakati anatafuta kiuno?

Alipomaliza kuwasimulia, alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya kichwa. "Nimemshonea," alisema. "Mwizi. Nimemshonea gauni."

Fundi simu alijitahidi asicheke, akashindwa. Shangazi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akakunja uso ghafla. "Alijuaje habari ya harusi?"

"Tangazo," alisema fundi. "Nani alibandika mtandaoni picha ya kitambaa, idadi ya wasichana, siku ya harusi, na namba ya simu chini yake?"

Shangazi akamnyooshea Sindano mkasi. Wote walijua.

"Na mimi nilidhani hao wadukuzi ni watu wa kompyuta," Sindano akasema. "Skrini tatu mbele yao, maandishi ya kijani yanashuka."

"Wapo na hao. Lakini ajihangaishe nini? Huyu kasoma tangazo lako, kajua kazi yenu inavyokwenda, kaingilia palepale mnapojiamini. Hakuvunja kitu. Alibisha hodi, ukamkaribisha na umbo ukalisifu."

"Toka dukani kwetu."

"Natoka. Ila nunueni daftari."

Siku hiyo na mbili zilizofuata Sindano alizitembea kwa miguu, tepu shingoni kama daktari. Msichana wa kwanza alifanya kazi benki, akamwacha asimame mapokezi karibu saa nzima. "Si nilishakutumia?" Sindano akavua tepu shingoni. Wa pili alikuwa amenenepa tangu atume vipimo, akakasirika kuambiwa. Wa tatu alipimwa stoo ya duka la dawa, katikati ya maboksi. Kila mahali ilibidi aanze upya: hapana, Shangazi hajalazwa. Hapana, si sisi tuliokuandikia. Ndiyo, mimi ndiye niliyesoma. Ile ya mwisho ilikuwa inatoka kooni kama mfupa wa samaki, na alilazimika kuitoa mara nane.

Ijumaa walishona mchana na usiku. Jumamosi asubuhi zipu ya mwisho ilishonwa msichana akiwa ameshaivaa nguo, amesimama mlangoni, gari linapiga honi. Nane zilitoka. Mbili mishono yake Sindano hakuipenda hata kidogo, lakini zilitoka.

Ila Mwalimu walimpoteza. Mwalimu alikuwa mteja wao tangu Sindano hajajua kutia uzi, na ndiye pekee aliyetuma msaada usiku ule, bila kuuliza, kwa sababu ombi limetoka kwa Shangazi. Alipokuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimtazama Sindano, akasema, "Mimi siwalaumu," akakikunja vizuri, akaondoka.  Sindano, mwenye jibu la kila mtu, alitoka nyuma ya duka akaupiga teke mlango wa bati hadi kidole kikavimba.

Siku ya nane programu ikafunguka. Fundi simu akaweka namba ya siri ya pili, Shangazi akaiandika ndani ya daftari jipya, daftari likaingia kwenye droo yenye ufunguo. Sheria ya duka ikaongezwa mkia: kipimo kinasomwa mara mbili, lakini kwa mtu ambaye namba yake ya simu tunayo tayari, na sisi ndio tunaompigia.

Lile gauni la tisa Shangazi alitaka likatwe liwe blauzi. Sindano alikataa. Amelitundika mlangoni, ubavu mmoja bado wazi, na karatasi imebanwa kifuani kwa pini: 84, 67, 93. Mteja akiuliza ni la nani, anaambiwa kisa chote, apende asipende, na haondoki mpaka aweke namba ya siri ya pili kwenye simu yake mbele yao.

Na wewe unayesoma, usijifanye kisa hiki ni cha washonaji. Wewe unauza dawa, unasoma namba za maboksi. Unaendesha gari, unasoma namba za mizigo. Kuna namba umezoea kumsomea kila anayeuliza. Basi ishike simu yako. Ingia kwenye setingi za programu ya meseji, tafuta uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri, kisha nenda kaweke kwenye simu ya mama yako. Namba ikija kwa ujumbe, usimsomee mtu, hata akikuita mwanangu. Usiseme baadaye. Weka sasa hivi.