Nusura nisaini timeshare ya miaka ishirini na tano Homa Bay, mke wangu akanipa mtihani wa siku tatu

Wakuu, nawasalimu wote, mlio Migori, mlio Homa Bay na nyinyi mko mbali mnasoma hii mkikumbuka samaki wa nyumbani.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa jirani. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Naandika kwa sababu kila mara naona mtu hapa anauliza kama timeshare inafaa familia, na majibu huwa ni matusi tu.

Kwa wale hawajui: unalipa pesa nyingi mwanzoni, halafu unakuwa na haki ya kukaa kwenye hoteli fulani wiki moja kila mwaka, kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo timeshare.

Sasa mnijue kidogo.

Niko na duka Migori mjini. Nauza kamba, sepetu, gumboots, tochi za kichwani na pampu za maji. Wateja wangu wengi ni wachimba dhahabu wa Osiri, na hao hawana saa. Duka linafungwa Jumamosi peke yake, kwa sababu sisi ni Waadventista. Siku zingine zote niko hapo.

Mke wangu, Mama Daisy, ni nurse Isebania. Tuko na watoto wawili, Daisy wa miaka kumi na moja na Bravin wa saba. Na tunaishi na mama yangu, mathe, ambaye watoto wanamwita Dana, yaani nyanya.

Mathe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anaona mtu kama kivuli. Daktari alishasema upasuaji utasaidia, na mke wangu alimbembeleza miaka miwili, lakini wapi. Kuna jirani yetu alienda kufanyiwa akarudi haoni kabisa, basi mathe akaapa hakuna mtu atamgusa jicho na kisu.

Hiyo ndiyo familia.

Mwaka jana, mwalimu wa Daisy aliniita shuleni. Nikadhani ni karo. Kumbe ni insha. Waliambiwa waandike kuhusu likizo yao, na Daisy akaandika vile tulienda Mombasa, tukalala hoteli ya ghorofa, na asubuhi ndovu wakaja ufuoni kunywa maji ya bahari.

Mwalimu alikuwa anacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka.

Lakini nilipofika kwa gari nilikaa tu bila kuwasha injini. Miaka yote hiyo, huyu mtoto sijawahi kumpeleka mahali. Hata Kisumu ni ile ya kubeba mzigo.

Kwa hivyo wakuu, mtu aliponipigia simu wiki chache baadaye kuniambia nimeshinda lunch ya bure ya familia kwenye hoteli ya kando ya ziwa Homa Bay, nilikuwa nimeiva tayari. Masharti yalikuwa mawili. Mume na mke waje pamoja, na wasikilize maelezo ya saa moja na nusu.

Tukaenda Jumapili, duka nikalifunga siku hiyo. Mathe hatukuwa na mtu wa kumwachia, tukamweka kiti cha mbele.

Mahali ni pazuri, sitadanganya. Nyasi imekatwa, swimming pool, vyumba vinaangalia ziwa. Watoto waliingia kwa maji kabla sijamaliza kupaki. Meza yetu ilikuwa imewekwa sahani nne. Ikabidi tungoje kiti cha mathe, na kikaja hakifanani na vile vingine.

Yule mtu wa mauzo tumwite Kevo. Shati jeupe, meno meupe, anakuita boss kila sentensi. Alituonyesha video ya familia inakimbia kando ya maji. Akaniuliza, "Boss, mara ya mwisho kupumzika na familia yako ilikuwa lini?"

Nikageuka kuangalia watoto majini.

Hapo ndipo alinishika. Akasema bei ya leo ni ya leo, kesho inapanda. Mimi kalamu ilikuwa mkononi.

Mke wangu hakuwa ameangalia video. Alikuwa anasoma ile karatasi ya nyuma, yenye maandishi madogo, vile anasoma faili ya mgonjwa. Akaanza maswali.

"Wiki yetu inaanza siku gani?"

"Jumamosi mchana, madam. Mnatoka Jumamosi asubuhi."

"Sisi Jumamosi tuko kanisani. Hatusafiri."

Kevo akacheka kidogo, akasema hiyo itaangaliwa. Mke wangu akauliza kama Desemba inapatikana. Akaambiwa inategemea nafasi. Akauliza kama ada ya kila mwaka ya matengenezo, iliyoandikwa hapo, inaweza kuongezwa. Akaambiwa inategemea hali ya uchumi.

Kisha akauliza, "Hapa mmeandika familia ni watu wanne. Na mama?"

Kevo akamwangalia mathe, aliyekuwa amegeuzia uso ziwani, akapunguza sauti. "Bibi tutamhesabu kama mgeni, madam. Analipiwa kando."

Wakuu, hapo ningeamka niende. Sikuamka. Nilimgeukia mke wangu nikamwambia kwa Dholuo aache kuniaibisha mbele ya watu.

Akanijibu polepole kabisa. "Baba Daisy, unataka kununua likizo ya miaka ishirini na tano, na hujawahi kuchukua hata ya siku tatu."

Maneno hayo yalinichoma, na mtu akichomwa hufanya ujinga. Nikasaini fomu ya kushikilia nafasi aliyoniletea dada wa mapokezi, nikatuma deposit kwa simu hapo hapo. Walinipa wiki mbili kumaliza mkataba. Mke wangu hakusaini.

Kitu kimoja tu mathe alisema siku hiyo. Tukienda kwa gari alisimama, akanusa upepo, akasema, "Huu unatoka upande wa kwetu Kendu." Yeye ni nyar Karachuonyo, binti wa huko, alizaliwa Kendu Bay, akaolewa Migori. Sijui nimesikia hayo mara ngapi, lakini sikuwahi kumuuliza kama angependa kurudi kuona.



Jioni ya Jumatatu mke wangu alikuja dukani kutoka kazini, akakaa juu ya gunia la kamba. Nikajua ni vita. Haikuwa vita. Akaniambia, "Mimi sipingi likizo. Mimi ndiye nimechoka kuliko wewe. Nimeomba ruhusa kazini wiki ijayo. Twende sote mahali pa kawaida, siku tatu. Ukimaliza siku tatu bila kukimbilia duka, nitasaini hiyo karatasi na mkono wangu."

Nikakubali. Nilidhani ni mtihani rahisi.

Rafiki yake wa kazini ana shangazi, mwalimu mstaafu, ambaye huwa anapangisha nyumba yake Kendu Bay akienda kwa watoto wake Nairobi. Vyumba vitatu, jiko, mti wa mapera nje. Tukafika Jumapili. Duka nikamwachia Nyaboke, dada ambaye tumefanya kazi naye miaka sita na sijawahi kumwachia funguo hata siku moja.

Siku ya kwanza nilimpigia Nyaboke mara kumi na moja. Ya kumi na moja aliniambia, "Mkubwa, wateja wanangoja, nikujibu wewe ama niwauzie?"

Jumatatu mathe akaomba apelekwe sokoni. Hakuna kitu alikuwa anataka kununua, alitaka tu kusikia watu. Nikamshika mkono, Daisy akashika ule mwingine, tukaingia upande wa samaki. Mathe akasimama kwa mama mmoja anayekaanga, akauliza bei ya wale samaki wa ngege.

Yule mama hakutaja bei. Aliacha mwiko ndani ya mafuta, akamwita mathe kwa jina lake.

"Wilkista?"

Mathe akainamisha kichwa, anasikiliza. Halafu akasema, "Peres! Bado unauza bei ghali?"

Wakuu, sijui niandike vipi. Hawa walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, waliimba kwaya moja mpaka mathe alipoolewa. Miaka zaidi ya arobaini hawajaonana, na Peres alimjua kwa sauti. Walishikana pale kati ya makarai, watu wanapita, samaki wanaungua. Kisha wakaanza kuimba, huyu anaanza na yule anaitikia.

Mimi sikujua mama yangu anaimba sauti ya pili. Umri huu wote niko naye kwa nyumba, sikujua.

Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni. Ni mteja wa Osiri. Niliiacha ilie mpaka ikachoka.

Kuanzia hapo Peres alikuwa kwetu kila jioni akimaliza kuuza. Ni siku ya pili hivi, Bravin alirarua shati, Peres akaomba sindano na uzi. Akatia uzi kwa tundu mara moja, bila miwani. Daisy akamwambia Dana wake, "Dana, ameweka uzi mara moja tu!"

Mathe akageuza uso upande wa sauti ya Peres. Kisha akauliza, "Peres, si wewe ni mkubwa kwangu na miaka miwili?"

Ndipo Peres akasema naye alikuwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa macho yote mawili, moja kwanza, lingine baadaye. Aliogopa mpaka akatoroka hospitali mara ya kwanza, na gauni lao. Mathe alicheka akashika tumbo. Halafu akaomba Peres amweleze tena, kutoka mwanzo, polepole.

Mke wangu alikuwa jikoni. Nilimwona ameweka sufuria chini, anasikiliza.

Siku tatu ziliisha bila mimi kuhesabu. Tukaongeza mpaka Ijumaa.

Alhamisi asubuhi niliwaacha hapo nikaenda Homa Bay kujiondoa kwa ile timeshare. Nilikuwa nimempigia Kevo, akaniambia deposit haina kurudi. Lakini yule dada wa mapokezi aliyenipa fomu, tumwite Mercy, alinipigia baadaye kando. Akanieleza kwamba ile fomu inaruhusu kujiondoa kwa barua kabla ya wiki mbili kuisha, bora uilete mwenyewe na igongwe muhuri. "Ulisaini bila kusoma," akasema. "Madam ndiye alisoma."

Barua iliandikwa na mke wangu kwa karatasi ya daftari ya Daisy. Mercy akagonga muhuri, akanipa nakala. Pesa ilirudi, ilichukua muda lakini ilirudi yote. Dada, kama uko humu ndani, ero kamano, asante sana. Najua haikuwa faida kwako.

Mathe alifanyiwa jicho la kwanza miezi miwili baadaye. Peres alitoka Kendu Bay akaja kukaa naye hospitalini, na kazi yake ilikuwa kulinda mlango asitoroke.

Walipotoa bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake. Akaniangalia muda mrefu sana, akaniambia, "Wuoda, mwanangu, kumbe umezeeka hivi?"

Mke wangu alilia na kucheka pamoja. Mimi nililia tu.

Sasa, timeshare inafaa ama haifai?

Kuna mteja wangu mmoja, mhadhiri, anayo na anaipenda. Likizo yake haibadiliki, watoto wawili, hana mzazi nyumbani. Kwake inafanya kazi, na sitamcheka. Kwangu mimi ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Nilitaka karatasi inilazimishe kupumzika, kwa sababu nilikuwa naogopa kufunga duka. Jaribuni kwanza siku tatu na watu wenu wote. Mkiweza hizo, mtajua wenyewe kama mnahitaji mkataba. Na mwenye kusoma maandishi madogo nyumbani kwako, mpe kalamu yeye.

Nashukuru Mungu kwa mke niliye naye. Nashukuru hata kwa ile lunch ya bure.

Wale mnamiliki timeshare, semeni ukweli wenu hapa, mzuri na mbaya. Na wale mnaishi na wazazi, huwa mnawapeleka wapi? Tunapanga ya Agosti, na mathe amekataa Kendu Bay. Anasema huko ameshaona, anataka mahali hajawahi kufika.