Mapindo ya Mkate na Mkasi wa Wifi

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwake kila kitu duniani ni kitambaa. Akiona pazia la jirani limening'inia upande, hana raha mpaka aingie kulinyoosha. Akikukumbatia, jua mabega yako yanapimwa. Hata mkate wa slesi, huu tunaonunua dukani ukiwa umeshakatwa, ukifika mikononi mwake unashonwa.

Kwanza anaziondoa kingo zote, kisha analaza slesi juu ya ubao na kuipitishia chupa tupu mpaka ilale bapa. Anaipaka siagi, ananyunyiza sukari aliyoichanganya na mdalasini na iliki, halafu anaikunja kwa ncha za vidole kama mtu anayekunja pindo la gauni. Akimaliza anaichovya kwenye yai lililopigwa pamoja na maziwa, anaigeuzageuza kikaangoni mpaka iwe ya kahawia, na kuigaragaza kwenye sukari ikiwa bado ya moto. Nyumbani tunayaita mapindo. Mimi ni fundi viatu, na nikisikia harufu ile nafunga kibanda hata kama mteja amesimama na kiatu mguu mmoja.

Dada alihamia kwetu baada ya shemeji kufariki. Mke wangu alimpokea kwa mikono miwili, na angekuwa na wa tatu angeuongeza. Wifi akae kiti kizuri. Wifi apakuliwe kwanza. Wifi akilala mchana, redio izimwe na sote tutembee kwa kunyata kama wezi. Dada naye akajibu adabu kwa adabu: "Samahani wifi, naweza kuingia jikoni?" Yaani mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga anaomba ruhusa ya kuwasha jiko langu! Mimi, kwa upofu wangu, nikaiita hiyo amani. Nikawa natamba kibandani kwamba kwangu mawifi hawajawahi kukwaruzana.

Jioni moja, tukiwa mezani, dada akaweka kijiko chini.

"Nimepata chumba karibu na wateja wangu. Mwisho wa mwezi nitahama."

"Kuna aliyekukosea, dada?"

"Hakuna, mdogo wangu. Mnanitunza vizuri mno."

Aliyasema kwa unyonge, wala sikuelewa. Mke wangu alilia chumbani, akiniuliza amemkosea wapi wifi yake. Roho iliniuma. Wazazi wetu hawapo tena, na dada ndiye mtu pekee aliyebaki anayenijua tangu sijaota meno. Sikutaka ahame, basi.

Jumamosi, dada akiwa ameenda kupeleka sare za shule kwa wateja, mke wangu akaamua kumpikia mapindo yeye mwenyewe, ili wifi aone anavyopendwa. Kisu chetu ni butu, kikawa kinararua mkate badala ya kukata. Akatazama huku na huku. Juu ya cherehani kulikuwa na mkasi mkubwa wa dada.

Hapa wenye mafundi cherehani majumbani mwao watashika vichwa. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, haukati kucha, haukati hata uzi wa kiatu, na hilo mke wangu alilijua vizuri sana. Lakini haraka ilimzidi akili. Akakata kingo kwa mkasi ule, na kila alipopaka slesi siagi, vidole vile vile vikarudi kwenye mkasi kukata nyingine.

Dada akaingia.

"Nani kakata mkate kwa mkasi wangu?"

"Wifi, samahani, nilikuwa..."

"Siagi! Wifi, una akili kweli? Nikikata kitambaa cheupe cha mtu, mafuta haya yataenda wapi?"

"Nimesema samahani!"

"Na hata upakaji wenyewe sio. Umepaka katikati tu, pembeni pakavu. Mdalasini nao umemwaga utadhani unafukuza mbu!"

Mke wangu, ambaye sauti yake kwa dada ilikuwa haijawahi kuvuka mlango, akapasuka. "Basi pika mwenyewe! Unahama unatuacha, halafu unalilia mkasi! Hama nao!"

"Nitapika! Hebu toka hapo!" Dada akamsukuma kwa nyonga na kushika kikaango.

Mimi nilikuwa mlangoni, zile kelele zimenitoa kibandani. Nikajua basi, mizigo inafungwa leo leo, wala haitasubiri mwisho wa mwezi. Lakini hakuna aliyetoka jikoni. Walibaki bega kwa bega mbele ya jiko, mke wangu akichovya, dada akikaanga, wanafokeana kwa zamu.

"Geuza, linaungua hilo!"

"Naliona, nina macho!"

"Macho gani, na upande huu umekuwa mkaa?"

Ghafla dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya kicheko.

"Wifi," akasema, "tangu nimeingia nyumba hii, leo ndiyo mara ya kwanza umenifokea."

"Ningekufokeaje na wewe ni mkubwa wangu?"

"Mnanyamaza nikikohoa. Mnasimama nikipita. Nilichoka kuwa mgeni, wifi. Nikaona heri chumba changu, nikae peke yangu nijue moja."

Mke wangu akaweka chini slesi aliyokuwa akiichovya. Nilidhani ataomba radhi tena, kwa maana ndiyo tabia yake. Akajifuta uso kwa upande wa kanga, akaangalia lundo la masufuria na mabakuli yenye mayai.

"Basi vyombo vyote hivi utaosha wewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Dada yangu akakunja mikono ya blauzi, akaosha kila kitu, huku akilalamika jinsi tunavyounguza masufuria. Habari za chumba hakuzitaja tena.