Lenzi Iliyoshikwa Kinyume

Nikipita kwa fundi wa baiskeli nikasikia harufu ya tyubu kuukuu iliyoachwa juani, nasimama. Wengine wakiisikia hukumbuka pancha. Mimi namkumbuka nyanya yangu, na nakumbuka vurugu niliyoianzisha siku ya mazishi yake nikiwa na miaka kumi na moja, ambayo mpaka leo sijaiombea msamaha na sina mpango huo.

Siku hizi kazi yangu ni kupiga picha za vitu vidogo: kereng'ende kwenye mafunjo, mayai ya buibui, wale wadudu wa ziwani wanaopanda hewani kwa wingi mpaka unafunga mdomo. Vijana wa Kisumu hunitumia ujumbe: Madam, ninunue lenzi gani ya makro? Nikiwa na siku nzuri nawajibu kwa upole. Lenzi ndefu inafaa kwa mdudu mwoga, maana huhitaji kumsogelea sana. Fupi ni ya kitu kisichokimbia. Kuna pete tupu zisizo na kioo, unazipachika kati ya kamera na lenzi uliyo nayo, nayo inaanza kuona karibu. Taa ya duara ni msaada, sikatai. Lakini mtu akiniambia hawezi kuanza mpaka avipate vyote hivyo, nakasirika kweli. Mimi nilianza na lenzi mbovu na kipande cha tyubu, na picha niliyopiga iliwanyamazisha wazee.

Likizo zangu zote nilizimalizia kwa Dani, ufuoni Dunga, nje ya Kisumu. Dani ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Alikuwa mwembamba, mkali, na aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, tangu kabla baba hajazaliwa. Kila asubuhi tulizitandaza juu ya nyavu kuukuu zikauke, na jua likipanda, harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye daftari, hata kwenye chai. Baba, ambaye alikuwa karani mjini na alivaa tai, akija kutuona alisimama upande upepo unakotoka.

Kibanda cha Dani kilipakana na cha Fundi Ouma, aliyewapiga picha watu waliotoka kanisani Jumapili wakataka kuegemea mashua na kuonekana wana raha. Alikuwa na kamera mbili, enzi zile za filamu. Moja ilikuwa imeanguka na lenzi yake haishiki tena, kwa hiyo aliiacha ndani ya mkebe wa biskuti, nami aliniruhusu kuichezea.

Siku moja nikaitoa ile lenzi, nikaiweka jichoni upande usiofaa, nikainama juu ya omena mmoja. Jamani, nilimwona. Samaki ninayemla kwa viganja bila kumhesabu alikuwa na jicho lenye duara la dhahabu, na magamba yaliyopangwa safi kuliko mabati ya kanisa.

"Umeshika kinyume," Fundi Ouma aliniambia bila kuinua kichwa.

"Najua," nikamjibu. Sikujua, lakini sikutaka kuambiwa nigeuze.

Juma zima nilimsumbua anifungie ile lenzi kinyume kwenye kamera yake nzima. Alisema nitaingiza vumbi. Alisema nitamwaibisha kwa wateja. Halafu Jumapili moja filamu ikabakiza picha mbili na watu wote wamekwenda, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyeshindwa kesi, akachukua wembe na tyubu ya baiskeli. Alikata mkanda mpana kama vidole viwili, akauvuta kuzunguka mdomo wa kamera na lenzi iliyogeuzwa, ukabana vizuri na mwanga haukupenya. Mguu wa kamera ulikuwa gunia la omena. Taa yetu ilikuwa jua, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara zake ya kurudisha mwanga upande wa kivuli.

"Usizungushe kitu," alinionya. "Lenzi ikigeuzwa haisikii tena. Sogea wewe."

Hilo ndilo somo lote la kazi hii, na aliyenifundisha hakuwa na hata meza. Unasogea mbele kidogo, nyuma kidogo, upana wa punje ya mchele, mpaka kitu kinajitokeza, kisha unabana pumzi.

Nilitaka kumpiga picha Dani. Lakini Dani hakukubali kupigwa. Watu wa umri wake waling'olewa meno sita ya chini walipokuwa wasichana, ndiyo iliyokuwa desturi, na kila akiona kamera aliinua kitambaa mdomoni akageuka. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, aliyopigwa ofisini huku askari akimhimiza, na aliichukia. Macho yamemtoka, shingo imekaza. Alikuwa akisema, "Huyo si mimi. Huyo ni mwanamke anaogopa polisi."

Kwa hiyo nilimwomba mkono. Akacheka, akafuta kiganja kwenye sketi, akauweka juu ya gunia. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha juu tangu kilipobanwa na mashua, na gamba moja la omena lilikuwa limeng'ang'ania hapo hapo kwenye kiungo. Picha ya kwanza nilitikisika. Ya pili, Dani mwenyewe alibana pumzi pamoja nami, hata nikasikia ukimya wake.

Filamu ilipelekwa mjini kuoshwa na ikarudi baada ya siku sita. Ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili, gamba lilikaa kwenye ngozi iliyopasuka, kila ufa una chumvi yake, na kidole kilichopinda kikapotelea taratibu kwenye weusi laini. Dani aliishika picha ile muda mrefu sana, akaisogeza mbali, akaileta karibu tena.

"Huyu sasa ndiyo mimi," alisema.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza, Dani akafa. Tukampeleka nyumbani kwa mumewe, nje kidogo ya Kombewa. Na mnajua mazishi ya kwetu: lazima picha kubwa ya marehemu kwenye fremu, ikae juu ya jeneza, wageni wapite waitazame. Baba alichukua kitambulisho akakipeleka studio moja mjini wakikuze. Sasa, studio zetu zikikuza huwa haziishii hapo. Zinakuvisha.

Baba alipofunua ile fremu sebuleni nilimwona mwanamke mwenye macho ya Dani yaliyomtoka, na chini ya shingo, koti la kijivu, mabega mapana ya mtu anayekula nyama kila siku, na mkufu wa lulu. Shangazi zangu wakasema amependeza. Mimi nikauliza huyo ni nani.

"Ni Dani yako," Baba alisema. "Kuwa na heshima."

"Dani alisema huyo si yeye. Alisema yeye ni huu mkono." Nikatoa picha yangu mfukoni.

Baba aliitazama kidogo, kisha akaigeuza uso chini mezani. "Wewe Akinyi, mtu anazikwa na uso. Unataka watu waseme nini? Kwamba kwa Odhiambo walizika mkono?"

Shangazi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa na hasira, maana niliona wazi kwamba kesho watamweka ardhini chini ya mgeni, chini ya mtu aliyekuwa akimkimbia maisha yake yote, na mimi peke yangu ndiye niliyesikia maneno yake. Nikitii, hakuna mwingine wa kumsemea.

Nikakimbia mpaka sokoni Kombewa nikaomba simu ya mama wa dukani, nikampigia Fundi Ouma, aliyeajiriwa kuja kupiga picha za mazishi. Negativu ya ule mkono ilikuwa kwake, nikamwomba aikuze usiku huo huo. Nikamwambia kipimo cha fremu kwa mikono yangu, nikasahau kwamba hanioni. Aliuliza neno moja tu: "Baba yako anajua?" Nikamwambia hapana. Akakata simu, nikadhani nimekataliwa.

Asubuhi alifika amebeba kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka kwenye kiti nilichosimama karibu nacho, akaenda kusalimia wazee. Wanawake walikuwa wakiimba jikoni. Niliifungua ile fremu kwa kijiko, nikauweka mkono wa Dani, uliotoka kwenye lile gazeti, juu ya lile koti, nikarudisha kioo. Jeneza lilipotolewa uani, shangazi aliibeba fremu akiwa analia, akaisimamisha juu yake bila kuangalia.

Kisha wazee wakaiona, na maongezi yakakatika. Mchungaji alifungua kitabu akakifunga. Nilimwona Baba akianza kuja, uso umekaza, na nikasogea nikasimama mbele ya fremu. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba angelazimika kuniondoa mimi kwanza.

Lakini wale wanawake wa Dunga walikuwa wamefika, kama ishirini hivi, na mzee wao akanipita, akainamia kioo karibu kabisa.

"Min Odhiambo," alisema. Ndivyo walivyomwita sokoni, mama yake Odhiambo, yaani Baba. "Min Odhiambo mwenyewe. Angalieni hicho kidole."

Wakaja wote. Hakuna aliyeuliza ni nani. Mmoja alisema kidole kile ndicho kilichokuwa kikigonga ukingo wa debe kumwonyesha muuzaji kwamba hajajaza. Mwingine aliweka mkono wake mwenyewe kwenye kioo, na ulikuwa na nyufa zile zile. Walilia kwa sauti, wakamwita kwa majina ya ujana wake ambayo sisi familia hatukuyajua.

Baba alisimama hatua tatu kutoka hapo. Hakuiondoa fremu. Alitia mikono mifukoni na hakuitoa tena, hata wakati wa kutupa udongo. Shangazi alimgusa kiwiko mara mbili, naye akatikisa kichwa. Nikajua nimemuudhi kiasi hicho. Hakusema nami mpaka shule zikafunguliwa, nami sikumwomba radhi. Niliona ni hasira yake dhidi ya kiburi changu, na kwamba nimeshinda.

Miaka mingi niliendelea kuamini hivyo. Mwaka jana, Baba akiwa amestaafu, nilikwenda na lenzi nzuri, kila kitu nilichokosa utotoni, nikamwomba niipige picha mikono yake kwa karibu. Ni mikono laini bado, kucha safi, mikono ya mtu aliyesomeshwa na omena ili asiiguse.

"Ya nini?" alisema. "Haina kitu cha kuonyesha." Na akaitia mifukoni, vile vile, mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hakuwa amenikasirikia mimi. Alikuwa amesimama mbele ya mkono wa mama yake, katikati ya wanawake wenye mikono kama ule, na akaficha yake kwa aibu. Lile koti la kijivu lilikuwa ombi lake kwamba watu wasiitazame kazi iliyomfanya awe karani, na mimi mtoto nilimvua koti hilo mbele ya kijiji kizima.

Sijutii. Ningeifungua tena fremu ile. Lakini sasa nasogea mimi. Kila Jumapili naenda kwake, naweka kamera mezani, nakaa karibu naye, na kila Jumapili anakataa. Juzi, alipokuwa akinipokeza kikombe cha chai, alikiacha kidole chake kwenye kishikio, mbele ya macho yangu, muda mrefu kuliko inavyohitajika.