Shamba Lililofagiwa

Uchafu usilale. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishi nayo Matroni, na kwa miaka yote aliyosimamia wodi ya wazazi hakuna aliyemwona akiivunja. Muuguzi aliyeacha kipande cha pamba chini ya kitanda aliitwa kuja kukiokota mwenyewe, hata kama zamu yake imeisha na ameshafika kwake. Akina mama walimwogopa, wakamshukuru, kwa sababu katika wodi yake vichanga hawakufa kwa uchafu.

Mtu wa namna hiyo anastahili heshima. Ndiyo maana yaliyomkuta yanatisha.

Alipostaafu alirudi kwenye nyumba ya marehemu baba yao, alikokuwa akiishi mdogo wake wa pekee pamoja na mumewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la kakao ambalo mzee aliwaachia mabinti wote wawili, likiteremka hadi ukingo wa korongo. Kakao hiyo ndiyo iliyowalisha. Mtunzaji wake alikuwa shemeji, mume wa mdogo mtu, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bwana Kesho.

Asubuhi ya kwanza Matroni aliingia shambani na viatu vyake vyeupe vya kazi, akazama katika majani makavu hadi vifundoni. Maganda ya kakao yalikuwa yakiozea palepale yalipopasuliwa. Bwana Kesho alikuwa amejinyoosha kwenye benchi, kofia usoni.

"Shemeji, haya majani yanafanya nini hapa?"

"Yameanguka, shemeji."

"Naona yameanguka. Nauliza yataondoka lini."

"Kesho," sauti ikatoka chini ya kofia. "Kazi haina miguu. Haitakimbia."

"Wewe unayo miguu. Hebu inuka uitumie."

Hakuinuka. Kabla mwezi haujaisha, Matroni alikuwa amemvua kazi, ameajiri vibarua wawili, amenunua reki na toroli. Kila jani lililoanguka liliondolewa siku hiyohiyo, kila ganda likasombwa hadi ukingoni mwa korongo na kumwagwa huko. Ardhi chini ya miti ikawa ngumu, imesawazika kama sakafu. Majirani walikuja kutazama. "Hapa unaweza kupakua wali chini ukala," alisema mmoja wao, na Matroni hakumbishia.

Msimu ule mavuno yalikuwa mazuri. "Umeona?" akamwambia mdogo wake. "Bidii haimtupi mtu." Hakuna aliyekumbuka kwamba matunda yale yalikuwa yameshatunga kabla fagio halijaingia shambani.

Msimu wa pili miti ilichanua kama kawaida. Maua madogo meupe yalijitokeza kwenye mashina na matawi, yakakaa, yakaanguka, yakafagiwa. Matunda hayakutunga, isipokuwa moja hapa na jingine kule. Bibi shamba, afisa kilimo wa eneo lile, alikuja na pikipiki yake. Akayageuza majani ya mti mmoja, akausifu usafi wa shamba, akashauri mbolea. Mbolea ikawekwa. Msimu wa tatu ukawa mbaya kuliko wa pili.

Hapo Matroni alitakiwa kujiuliza. Hakujiuliza. Maisha yake yote usafi ulikuwa umezaa uhai, na hakuwa na mahali kichwani pa kuweka usafi unaoua. Kwa hiyo akatafuta mkono wa mtu, na mkono ulikuwa karibu.

Baba mdogo, aliyebaki mkubwa wa ukoo, akaitwa. Wakakaa sebuleni, milango imefungwa.

"Huyu," Matroni akasema akimwonyesha shemeji yake kidole, "tangu nimvue kazi ananichukia. Anaingia usiku anavunja matunda yakiwa machanga. Kama havunji, basi anawauzia watu wengine kakao yetu. Ni mwizi."

Mkewe ndiye aliyejibu.

"Dada, mume wangu ni mvivu. Hilo nililijua kabla yako, maana mimi ndiye niliyeolewa naye. Lakini hebu fikiri. Mtu ambaye kuamka kwenda kunywa maji anaona safari, ataamka usiku apite mti hata mti? Hata wizi unataka bidii, dada!"

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Matroni hakucheka.

"Unamtetea kwa sababu unakula naye."

"Namtetea kwa sababu hakuiba."

"Basi chagua. Nyumba ya baba yako, au mwizi wako."

Kicheko cha baba mdogo kilikatika. "Mwanangu, neno likitoka halirudi," akasema. Lakini lilikuwa limeshatoka. Mdogo mtu alimtazama dada yake kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu, kisha akaenda chumbani kukunja nguo. Jioni hiyo walipanga chumba mjini. Matroni alifagia chumba walichokiacha.

Vibarua nao waliondoka, maana palipokosa mavuno pamekosa ujira. Ndipo Matroni mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akasukuma toroli hadi korongoni. Siku zote alizosimamia kazi aliishia katikati ya shamba. Kule chini palikuwa jalala, naye na jalala wapi na wapi. Vibarua walimwaga wakarudi, wala hakuna aliyewauliza wameona nini.

Alifika, akaachia mikono. Toroli likapinduka, naye hakuligusa.

Miti iliyolizunguka lile rundo la majani na maganda ilikuwa imejaa. Kakao zilining'inia tangu shinani hadi kwenye matawi, nyingine kijani, nyingine za njano zilizoiva, zimebanana kama abiria. Aliugusa mti mmoja, akaugusa wa pili. Akageuka kutazama juu mteremkoni: miti ileile, mbegu ileile, mvua ileile, mitupu. Akaketi chini, juu ya uchafu, na wanaomjua watakuelezeni hilo lina maana gani.

Bibi shamba akaitwa tena, akasimama mbele ya rundo. Kisha akachukua kijiti akalichokoa. Vidudu wadogo mno waliruka kama vumbi.

"Visubi," akasema. "Mama, ua la kakao ni dogo, nyuki haliwezi. Wanaolibebea chavua ni hawa, na hawa wanazaliwa kwenye unyevu na uozo. Majani yakiondoka, wanaondoka. Wakiondoka, ua linakaa kama bibi harusi anayemngoja mshenga aliyefukuzwa."

"Mbona ulinisifu?"

Bibi shamba akainamisha kichwa. "Niliitwa kuangalia mti, nikaangalia mti. Sikuangalia chini yake. Tunda lenye ugonjwa litoe, hilo ni sawa. Lakini jani linalisha udongo, linamlea kisubi, kisubi analifanya ua litunge, na ua ndilo linalowalisha nyinyi. Ukitaka kuondoa kitu shambani, uliza kwanza nani anakitegemea."

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba," Matroni akasema.

"Aibe nini, mama? Hapakuwa na cha kuibwa."

Kesho yake Matroni alikwenda mjini. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Bwana Kesho, aliyekuwa amepata kazi ya kulinda geti la ghala, kazi ya kukaa, alimsikiliza hadi mwisho, macho yakizidi kumtoka.

"Shemeji, unataka kuniambia uvivu wangu ndio uliokuwa mbolea?"

"Hapana," Matroni akajibu, akiwa bado Matroni. "Ulikuwa mvivu tu, na ungejua siri hiyo ungejisifu. Lakini mwizi hukuwa. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

"Yameisha, shemeji. Karibu uketi."

Matroni akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Yeye amekusamehe, dada," mdogo mtu akasema, "kwa sababu kuweka kinyongo nako ni kazi. Mimi bado. Ulisubiri maua misimu miwili kabla hujakasirika. Mimi hukunisubiri hata jioni moja."

Alitamka polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja yule mama aliyezalisha wanawake wa wilaya nzima.

Alirudi akaanza kuyapandisha majani shambani kwa toroli lilelile. Jirani aliyepita alisimama. "Mama, si mliyatoa nyinyi wenyewe?" "Tuliyatoa," akajibu, akaendelea. Bidii yake haikuwa kosa. Bidii ni jambo jema leo kama jana. Kosa lake lilikuwa kufagia asichokijua, kwanza shambani, kisha nyumbani mwake.

Miti inazaa tena. Kila mavuno Matroni hupeleka fungu la mdogo wake mjini, na shemeji ndiye anayelipokea getini. Kanuni ile ilimgharimu misimu miwili ya kakao na mdogo wake wa pekee. Kakao imerudi.