Kiko Kilichorudishwa Dukani

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa katika duka la tumbaku hapa Kuze alipoingia seremala mmoja, amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi na minne. Muuzaji alimwamkia, akaanza kumfungia tumbaku yake ya kila siku. Seremala akamzuia kwa kiganja.

"Leo sikuja kununua, bwana. Jana nimemfuma huyu akivuta. Nilipomkanya, aliniuliza, 'Na wewe, baba?'"

Akatoa kiko mfukoni, akakiweka mezani.

"Mimi nimeacha. Naye usimuuzie, hata akija kwa jina langu."

"Na ukishindwa, fundi?" muuzaji akamuuliza.

"Ataniona nikishindwa, na ataniona nikianza tena. Sitamficha kitu."

Kijana, aliyekuwa akitazama chini, aliinua macho. "Baba, twende," akasema taratibu.

Tangu siku hiyo nawaona kila alasiri wakipiga randa pamoja. Nami niliyekwenda kununua tumbaku nilitoka mikono mitupu. Nina wana watatu, na wote wana macho.