Gunia la Vitambaa vya Paka

Sisi watu wa Garissa tumechekwa sana kwa sababu ya P. Ikitoka midomoni mwetu inageuka B, na mtu wa bara akisikia umeagiza "babai" sokoni anakenua meno hata kabla hajakupimia. Nimeishi na kicheko hicho tangu shule ya msingi na sikuwahi kukizoea. Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu, kwa sababu hasira hizo ndizo zilizomuua paka wa mama yangu.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, alipokea paka waliotupwa. Wenye bucha, wenye maduka, hata jirani waliokuwa wakimcheka, wote walijua pa kumpeleka paka wasiyemtaka. Alikuwa na banda la mabati uani, na humo kila paka alikuwa na kitambaa chake cha kulalia: kipande cha shuka, fulana kuukuu, mfuko wa unga. Mto Tana ulipofurika tukahama mbiombio, watu walibeba magodoro na masufuria, yeye akatangulia na vitambaa kichwani. Kule tulikohamia alivitandika kwanza, ndipo akawafungulia paka.

"Paka hajui nyumba," alituambia. "Anajua harufu yake."

Walimcheka sana siku ile. Lakini hakupotea hata paka mmoja.

Alipofariki aliniachia paka tisa. Wanane walikuwa bado wana nguvu zao. Wa tisa, jike la kijivu, alikuwa amezeeka na kupofuka macho yote mawili, na kitambaa chake kilikuwa shash ya hooyo, mtandio wake wa kichwani. Hooyo alimpa siku zile ambazo hakuweza tena kuinuka kitandani. Sikuifua shash ile hata mara moja. Sitadanganya kwamba ilikuwa kwa ajili ya paka tu. Mara nyingine niliingia bandani nikainama kuinusa mimi mwenyewe, na paka akanisubiri nimalize.

Kisha kazi ikanihamishia Wajir. Nikafanya kama nilivyomwona hooyo akifanya. Paka niliwatia kwenye matenga ya kuku, na vitambaa vyao, shash ikiwemo, nikavifunga kwenye gunia la peke yake wasije wakavichafua njiani. Aliyekuwa akipakia pikapu alikuwa kibarua, mtu mzima kutoka bara, mpole, si msemaji. Nikamwonyesha lile gunia kando ya lango.

"Vitambaa hivi vibakie," nikamwambia.

Nilikusudia kusema vipakie, avitie garini. Yeye akasikia kile nilichotamka, kwamba vibaki palepale.

"Vibakie, mama?" akauliza.

Nikaona ananiiga. Damu ikanipanda kichwani.

"Ndio, vibakie!"

Akalitazama gunia, akanitazama mimi. "Yaani vibakie kabisa?"

"Wallahi wewe! Mara ngapi nikwambie? Vibakie! Kiswahili hujui?"

"Sawa, mama," akasema, akaenda kufunga turubai.

Mtu aliniuliza mara mbili kwa adabu, nami nikamwona mwenye dharau. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini huwa tunaisema tukiwa tumetulia.

Wajir tukashusha magodoro, masufuria na matenga yote. Gunia sikuliona. Nikampigia simu yule kibarua, matusi yakiwa tayari ulimini.

"Mama, si ulisema vibakie?" akajibu taratibu. "Niliviacha langoni."

Kinywani mwake neno lilikuwa safi, na kwa mara ya kwanza nikalisikia kama alivyolisikia yeye. Nikakata simu. Nikampigia jirani yangu, akakimbia langoni na simu sikioni. Waliokuwa wakifagia kiwanja walikuwa wameshachoma takataka zote.

"Walaal," akaniambia, yaani ndugu yangu, "ni majivu tu."

Wale wanane walinuna siku mbili, ya tatu wakala. Yule kipofu hakulala. Alitembea akiufuata ukuta, akinusa chini, akigonga pembe za chumba, akirudi alikotoka. Nilimletea maziwa ya ngamia, nikamletea nyama ya kusaga, akapita. Daktari wa mifugo alikuja akamshika huku na huku, akasema haoni ugonjwa, ni uzee, nimpe joto tu.

Siku ya tano nikavua shash yangu. Nilikuwa nimeivaa mfululizo makusudi, bila kuifua. Nikaitandika sakafuni katikati ya njia yake, nikakaa kando yake. Nilikuwa na hakika. Kila mtu aliyemjua hooyo huniambia nimemrithi yeye mtupu: mwendo wake, sauti yake, mikono yake. Nguo zangu nazifukiza uunsi, ubani uleule aliofukizia zake. Nikajiambia, mimi si mgeni kwake, ni damu ya hooyo, atanijua.

Alifika ukingoni mwa shash akasimama. Akainusa polepole, pindo hadi pindo, hata sikuthubutu kupumua. Nilitaka anikubali kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu tumzike mama yangu.

Akaivuka, akaenda kujilaza kwenye saruji tupu. Kesho yake adhuhuri alikuwa amekufa, na mimi nikawa nimejua kwamba sinuki kama hooyo hata kidogo.